Nyuzi ngapi kwenye hita ya maji? Niliyojifunza kwenye mabafu ya Njombe

Mwezi wa sita ukiingia, simu zangu hubadilika. Miezi mingine watu huniita kwa soketi iliyoungua, breka inayoanguka kila mara au taa ya nje iliyokataa kuwaka. Juni hapa Njombe wananiita kwa jambo moja, na karibu wote hulisema kwa maneno yaleyale: "Fundi, maji hayapati moto vizuri. Njoo utuongezee hita."

Kuongeza hita maana yake ni kuzungusha themostati, ile nobu ndogo iliyo chini ya tangi au iliyofichwa ndani ya kifuniko cha plastiki, ielekee upande wa joto kubwa. Ni kazi ya dakika tano. Ningependa hela ya haraka ningeizungusha, nikapokea changu na kupanda bodaboda. Lakini kwa miaka niliyoingia na kutoka kwenye mabafu ya watu, nimeona kwamba nyumba nyingi zinazotaka kuongezewa hita hazina shida yoyote ya themostati. Na zile chache zenye shida hiyo, kuongeza ndiyo dawa ya mwisho ya kufikiria.

Hita ninazozisema ni zile za tangi la ukutani, lita 30, 50 au 80, zenye koili ya umeme ndani. Shawa za kupasha papo kwa papo tuziache. Hizo swichi yake hubadilisha nguvu ya umeme, na maji yakipita taratibu ndipo yanapotoka moto zaidi. Kwenye hita ya tangi kuna fimbo ya themostati iliyolala karibu na koili. Maji yakifika joto ulilochagua, umeme unakatika. Yakipoa nyuzi kadhaa, unarudi. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Koili ya wati 1,500 itabaki ya wati 1,500, nobu iwe mwanzo au mwisho. Kuizungusha ni kumwambia mpishi asiepue chungu mapema. Moto wa jikoni ni uleule.

Mteja akinibishia hapo, natoa kalamu. Lita moja ya maji kupanda nyuzi moja inakula umeme wa wati-saa 1.16, na yuniti moja ni wati-saa 1,000. Maji ya simtanki asubuhi ya Julai huku kwetu yako nyuzi 15 hivi, na kuna siku yanashuka zaidi. Tangi la lita 50 kutoka nyuzi 15 mpaka 60 linataka yuniti 2.6, na koili ya wati 1,500 itahitaji saa moja na dakika 45 kulifikisha huko. Ukipeleka nobu mpaka 75, yuniti zinakuwa 3.5 na muda unakuwa saa mbili na dakika 20. Sasa mchukue mtu anayewasha hita saa kumi na moja alfajiri, anaingia kuoga saa kumi na mbili, anakuta maji ya vuguvugu na kunipigia simu niongeze. Nikiongeza, kesho yake ataoga maji yaleyale. Kwa saa moja ile, tangi limefika nyuzi 41 tu, na lingefika hapohapo popote nobu ingekuwa. Mtu huyo hahitaji fundi, anahitaji kuamka mapema au kununua taima.

Kuna nyumba moja nje kidogo ya mji iliyonifundisha jambo jingine. Mama mwenye nyumba alilalamika kwamba mwaka wa kwanza hita ilikuwa nzuri, sasa imechoka. Nilienda mchana. Nikafungua kifuniko, nikapima koili, nzima. Themostati inakata na kurudisha vizuri. Umeme unasoma volti 226. Nikawasha, maji yakapata moto kwa wakati wake. Nilikuwa karibu kufunga mkoba niondoke, nikamuuliza huwa anawasha saa ngapi. "Jioni, saa moja, tukitoka kazini." Nikarudi jioni. Nyumba ile iko mwisho wa laini, mbali na transfoma, na tangu ajenge wamejenga wengi mbele yake. Saa moja na nusu, kila mtu akiwa anapiga pasi na kupika, mita yangu ilisoma volti 180.

Wengi hudhani volti zikipungua robo, joto nalo hupungua robo. Sivyo koili inavyofanya kazi. Volti zikishuka, umeme unaopita kwenye koili nao unashuka, kwa hiyo hasara inazidishana. Kwenye volti 180, koili iliyotengenezwa kwa 230 inatoa kama asilimia 61 ya nguvu yake. Wati 1,500 zimekuwa 920. Saa moja na dakika 45 zimekuwa saa mbili na dakika 50. Kuongeza nobu pale kungekuwa kumwekea mama yule safari ndefu zaidi kwa gari lilelile bovu. Nilimshauri awashe saa nane mchana, au saa nne usiku watu wakishalala; tangi likiwa na sponji nzuri ndani ya ganda lake, maji yatabaki moto mpaka atakapoyahitaji. Akanitazama. "Yaani fundi umekuja mara mbili kuniambia niwashe mchana?" Ndiyo mama, na nauli ya mara ya pili nimeisamehe.

Kosa la tatu huwa halipo kwenye hita kabisa, lipo kwenye mabomba. Maji baridi yanavuka kwenda upande wa moto kupitia bomba la kuchanganya, hasa pale mtu alipofunga kipulizio cha chooni kwenye bomba hilo akaacha vifungulio vyote viwili vimefunguliwa, akategemea kitufe cha mkononi kuzuia maji. Kila ukifungua maji ya moto bafuni, unapata mchanganyiko. Kulijua hilo hakuhitaji kifaa chochote: funga maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto. Maji yakiendelea kutiririka bila kukoma, yanatoka kwingine, na hita haina hatia.

Kwa hiyo siku hizi siigusi nobu kabla sijapima. Nobu zenyewe hazisaidii sana. Nyingi hazina hata namba. Zina alama ya theluji upande mmoja, mstari unaonenepa katikati na pengine herufi "e" mahali mtengenezaji anapoona pana nafuu ya umeme. Na zile zenye namba si za kuaminiwa neno kwa neno, kwa sababu fimbo inasoma joto la pale ilipolala, ilhali maji ya juu ya tangi, ambayo ndiyo yanayotoka kwanza, huwa moto kuliko ya chini. Ninabeba kipimajoto cha kioo kama kile cha maabara ya shule, kinachosoma mpaka nyuzi 100. Nasubiri taa ya hita izime, nafungua bomba la moto lililo karibu zaidi, naacha maji yatoke mpaka yale ya kwenye bomba yaishe, nakinga kwenye kikombe na kusoma. Tafadhali usitumie kipimajoto cha homa. Kile cha zebaki mwisho wake ni nyuzi 42, ukikitumbukiza kwenye maji ya 60 kinapasuka na zebaki inamwagika bafuni kwako.

Ikishaonekana kweli inahitaji kubadilishwa, napanga hatua zangu hivi. Nazima swichi ya ukutani yenye taa nyekundu, halafu naenda kuzima na breka yake. Sitegemei swichi peke yake, maana nimekuta nyumba ambazo aliyefunga swichi alikata waya wa nyutro akaacha wa moto unaingia moja kwa moja. Taa inazima, koili inapoa, na mtu anayeshika ndani anapigwa shoti. Baada ya kuondoa kifuniko naweka testa kwenye kila nati kabla kidole hakijafika. Kisha bisibisi bapa, nazungusha kidogo, labda robo ya njia. Narudisha kifuniko, nawasha, na kipimo cha kuaminika kinakuja kesho yake, tangi likiwa limeshakata na kurudisha mara kadhaa. Kama maji ya hita yalikuwa yamemwagwa, lazima bomba la moto litoe maji bila hewa kwanza ndipo umeme urudi. Koili ikiwashwa kavu inaungua kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati.

Kuna kitu kimoja pale ndani kinachonikosesha amani kuliko vyote. Pembeni ya themostati kuna swichi ya usalama, mara nyingi na kitufe chekundu. Themostati ikishikana ikagoma kukata, hiyo ya pili inakata maji yakikaribia nyuzi 90. Kuna mafundi, wenzangu kabisa, wakikuta kitufe hicho kinaruka kila siku wanakikwepa: wanaunganisha waya moja kwa moja kwenye koili. Maji yanachemka kwelikweli na mteja anafurahi. Halafu chini ya tangi kuna valvu ya usalama inayodondosha maji, na mteja hapendi sakafu yenye unyevu, anaomba izibwe kwa plagi. Hita yenye mambo hayo mawili kwa pamoja ni bomu lililotundikwa juu ya kichwa cha anayeoga. Maji yaliyofungiwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa mkupuo, mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa.

Ule mdondoko wenyewe ni jambo la kawaida. Maji yakipashwa yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 15 kwenda 60 zinaongezeka kwa kama mililita 800, na ukifika 75 ni karibu lita moja na robo. Valvu hairuhusu maji kurudi nyuma, kwa hiyo lazima yatoke mahali. Dawa ni mpira mwembamba unaoshuka mpaka kwenye tundu la maji machafu. Anayeona mdondoko umezidi siku hizi, nauliza kwanza kama kuna mtu alishika nobu.

Halafu kuna hoja ya LUKU, ambayo ndiyo inayowafanya akina baba wanisikilize. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani elfu moja inakupa yuniti kama 2.8, kwa hiyo kupasha tangi moja la lita 50 mpaka nyuzi 60 ni kama elfu moja kasoro kidogo. Lakini wapo waliomo kwenye lile kundi la yuniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi mia na kitu kwa yuniti. Hao nawaambia mapema kabla sijatoboa ukuta: yuniti 2.6 mara siku 30 ni 78. Hita peke yake, tangi moja kwa siku, imeshawatoa kwenye kundi lao, hata taa hawajawasha.

Wengine wamesikia kwamba kuiacha hita imewaka mchana kutwa ni nafuu kuliko kuzima na kuwasha. Nimebishana na walimu wa fizikia juu ya hili. Tangi linapoteza joto kadiri lilivyozidi joto la chumba. Bafu likiwa nyuzi 15, tangi la 75 linavujisha theluthi zaidi ya tangi la 60, saa zote, hata kama hakuna anayeoga. Lililozimwa linapoa, na kadiri linavyopoa ndivyo linavyovujisha joto kidogo kuliko mwanzo. Umeme wa kulipasha upya haufiki ule ambao ungepotea kulishikilia moto siku nzima. Mwalimu mmoja alikubali, mwingine alisema atafikiria.

Kwa hesabu hizo mtu angesema basi tushushe nobu mpaka 40, maji ya kuogea ni 40 hata hivyo. Hapana. Mwaka 1976, huko Philadelphia, Marekani, wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion walikutana hotelini, wakaanza kuugua kichomi na 29 kati ya wagonjwa wa tukio lile walifariki. Bakteria aliyegunduliwa baadaye alipewa jina la Legionella kutokana na chama hicho. Anaishi majini, anastawi kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu humvuta puani na ukungu wa maji kama ule wa shawa. Tangi la vuguvugu ni shamba lake. Kuanzia nyuzi 50 hazaliani, na kwenye 60 anakufa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60. Waliosafiri wiki tatu wakaacha hita imezimwa, nawaambia wapashe tangi kwanza lifike huko, ndipo mtu asimame chini ya shawa.

Tatizo ni kwamba nyuzi 60 hiyohiyo inayomuua mdudu inaunguza mtu. Wamarekani wawili, Moritz na Henriques, walichapisha mwaka 1947 vipimo vyao vya muda ambao ngozi inavumilia joto, na hesabu zinazotumika mpaka leo zimetokana na kazi yao. Kwenye nyuzi 49 mtu mzima ana dakika kadhaa kabla ya kuungua vibaya. Kwenye 54 ana kama nusu dakika. Kwenye 60 ni sekunde tano hivi. Kwenye 70 ni kama sekunde moja, muda usiotosha hata kusema "mama!" Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, kwa hao muda ni mfupi zaidi.

Hapo ndipo nobu inapoacha kuwa kazi ya umeme ikawa swali la kifamilia: nani anaoga humu ndani?

Niliingia nyumba moja Julai, kijana wa miaka thelathini na kitu ndiye aliyenipigia. "Kaka, maji hayatoshi. Anayeoga wa mwisho anaoga baridi. Ongeza mpaka mwisho." Walikuwa watu wazima wanne, mtoto anayetambaa, na bibi. Tangi la lita 50. Nikamsalimia bibi, shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, naye alikuwa ameketi sebuleni na mguu mmoja juu ya stuli, umefungwa bandeji. Nikampa pole. Binti yake, mama wa yule kijana, akasema aliungua na maji. Ana kisukari cha miaka mingi na nyayo zimekufa ganzi. Alipenda kuloweka miguu jioni kwenye beseni. Siku hiyo mjukuu alikinga maji ya moto kwanza akisema atachanganya, akaitwa nje, bibi akatumbukiza mguu. Hakusikia chochote. Walipaka dawa ya meno.

Nilipima bomba: nyuzi 71. Nobu ilikuwa imebakiza kama upana wa kucha kufika mwisho, na mimi nimeitwa kuimalizia.

Nilikaa na kijana jikoni tukapiga hesabu, kwa sababu lalamiko lake lilikuwa la kweli. Maji ya kuogea ni nyuzi 40. Ukichanganya lita 50 za nyuzi 75 na baridi ya nyuzi 15, unapata lita 120 za kuogea, ndoo sita za lita ishirini. Ukishusha tangi lilelile mpaka 55 unapata lita 80, ndoo nne. Kwa hiyo kweli, nikishusha tu na kuondoka, watu wawili wanakosa ndoo yao, na nilijua kabisa kesho yake kijana atachukua bisibisi mwenyewe. Tangi la lita 80 likiwekwa nyuzi 52 na nusu, hata hivyo, linatoa lita 120 zilezile. Joto lililomo ni lilelile, yuniti za kulipasha ni zilezile 3.5, na koili ya wati 1,500 inachukua saa mbili na dakika 20 zilezile. Tofauti ni ngozi. Mguu kwenye maji ya 75 umekwisha. Kwenye maji ya 52 kuna muda wa mtu kurudi kutoka nje.

Hili ndilo ningependa mafundi wenzangu walishike, maana sote tumezoea kumuuzia mteja tangi dogo kwa sababu ndilo analoweza kulipia, kisha tunamfidia kwa nobu. Tunahamisha upungufu wa lita kwenda kwenye nyuzi. Anayelipa ile tofauti ni mtoto au mzee.

Kijana aliuliza kama hakuna njia ya kubaki na tangi lao. Ipo: valvu ya kuchanganyia yenye themostati yake, inayofungwa kwenye bomba la kutokea hita. Tangi linakaa 60 au zaidi, na kinachofika bafuni hakizidi joto ulilopanga. Ndiyo njia bora kuliko zote, inamaliza habari ya Legionella na habari ya kuungua kwa mpigo. Nilipouliza maduka ya vifaa hapa mjini hakuna aliyekuwa nayo, na ile niliyotajiwa ya kuagiza Dar es Salaam ilikaribia bei ya tangi jipya. Na kwa maji ya simtanki lililo mita tatu tu juu ya bomba, presha ni ndogo mno, baadhi ya valvu hizo hazifanyi kazi sawasawa. Sikuisukuma.

Jioni ile nilishusha nobu mpaka bomba liliposoma 55, nikaweka alama kwa maka peni, nikamwonyesha kila mtu mzima. Tukapanga wawili waoge jioni, wawili asubuhi, hita iwashwe mara mbili. Nikawaomba wabadilishe mpangilio wa ndoo: baridi inaingia kwanza, moto unafuata, na beseni lisiachwe chini likiwa na maji ya moto matupu hata kama aliyepiga hodi ni mgeni wa heshima. Na kuhusu dawa ya meno, asali, mayai na vingine tunavyopaka: sehemu iliyoungua inawekwa chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali.

Parachichi zilipouzwa walinunua la lita 80. Nililifunga mwenyewe, nikaliacha kwenye 53, bado juu ya zile 50 ambazo mdudu hazaliani. Kijana amenipigia mara moja tu tangu siku hiyo, akilalamika kwamba linachelewa kama lile la zamani. Nikamkumbusha ile karatasi ya jikoni, akasema anayo, alitaka tu kuhakikisha.

Bibi ndiye hakuridhika. Kwake maji ya 40 ni maji ya watoto, na mdomoni hana ganzi, aliniambia waziwazi kwamba nimemharibia jioni zake. Tulikuwa tumekubaliana mjukuu awe anapima beseni lake lisizidi nyuzi 38. Aliporudi kliniki ya kisukari akawasimulia, wakamkataza kuloweka miguu kabisa, si kwa maji ya moto wala ya baridi: aoshe, akaushe hasa katikati ya vidole, avae soksi. Kwa hiyo nyuzi 38 zangu hazikutumika. Kipimajoto wamekihamishia kwenye karai la mtoto.